Mwalimu Mpya kwenye Hafla ya Kuchangia Shule ya Kiyahudi: Mwongozo Kamili

Shule nyingi za Kiyahudi nchini Marekani, kuanzia New York na New Jersey hadi Baltimore, Chicago na Los Angeles, huajiri walimu wasio Wayahudi kufundisha hisabati, sayansi na Kiingereza. Katika shule nyingi za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoshika sheria za dini yao kikamilifu, watoto huanza siku kwa Torati na Kiebrania, kisha baadaye huingia masomo ya kawaida, na hapo ndipo wewe unapoingia. Kabla mwaka wako wa kwanza haujaisha utapokea kadi nene ya mwaliko, yenye maandishi ya Kiingereza upande mmoja na pengine Kiebrania upande wa pili: hafla ya mwaka ya shule.

Aliyekulia Kenya au Tanzania ataiona kadi hiyo na kusema, hii ni harambee. Ni kweli, ila si harambee ya kutaja jina na kiasi kwenye kipaza sauti huku watu wakipiga vigelegele. Hapa sehemu kubwa ya fedha hukusanywa kabla ya usiku wenyewe, kimyakimya, kupitia jarida la kumbukumbu, yaani kitabu cha hafla ambacho watu hununua kurasa zake za pongezi, na ahadi za wafadhili. Usiku ule ni wa kushukuru na kuonana. Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya mengine yote: hukualikwa ili utoe pesa nyingi. Umealikwa uonekane. Mzazi aliyelipa maelfu ya dola anataka kumwona kwa macho mtu anayemfundisha mwanawe sehemu za desimali, na akupe shukrani ana kwa ana.

Heshima hiyo ina mizizi mirefu. Talmudi, mkusanyo mkuu wa kale wa sheria na mafundisho ya marabi, inamsifu Yehoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa karne ya kwanza, kwa kuagiza walimu wawekwe katika kila mji na watoto waanze masomo wakiwa na umri wa miaka 6 au 7. Inataja hata ukubwa wa darasa: wanafunzi 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawekwe walimu wawili. Gharama ya msaidizi inabebwa na mji. Watu utakaoketi nao wamelelewa na fikra hiyo, kwamba kusomesha watoto ni mzigo wa jamii nzima. Shule hizi kwa sehemu kubwa hazigharamiwi na serikali, na karo haitoshi kulipa mishahara na pia kuwasaidia watoto ambao familia zao hazimudu. Hafla ndiyo inayoziba pengo.

Kadi ikifika: isome yote, kisha uliza

Kadi hutaja watunukiwa kwa majina: mgeni wa heshima, wazazi wa mwaka, pengine mwalimu wa mwaka au mhitimu wa zamani. Watunukiwa hawa ndio injini ya hafla. Kila mmoja hukabidhi shule orodha ya ndugu, marafiki na washirika wake wa biashara, nao huombwa kununua ukurasa wa pongezi kwenye jarida. Yakariri majina hayo, na ujue ni wazazi wa watoto gani. Kama una mtoto wao darasani, utakutana nao bila shaka.

Angalia tarehe na saa kwa makini. Hafla haiwekwi Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana, kwa sababu ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi usiku. Ikiwa Jumamosi usiku, itaanza baada ya nyota kuonekana na watu kupata muda wa kubadili nguo. Mwezi Desemba jua la New York huzama karibu saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo hafla ya saa mbili usiku inawezekana. Mwezi Juni haiwezekani mapema hivyo.

Kisha muulize katibu wa shule au mwalimu mwenzako wa zamani maswali haya, bila kuona haya, kwa sababu majibu hutofautiana shule hadi shule:

- Je, walimu wanatarajiwa wote kufika, na je, kiti chao kinalipiwa na shule? Mara nyingi walimu huingia bure au kwa bei ya chini.
- Mwaliko ni wangu peke yangu, au na mwenzi wangu?
- Wanaume na wanawake wanaketi pamoja au mbalimbali?
- Watu huvaaje?
- Chakula ni cha nyama au cha maziwa? (Kwa sheria za Kiyahudi viwili hivi havichanganywi.)

Swali la tatu na la nne ndiyo yatakayokueleza uko shule ya aina gani. Katika shule za Waharedi, yaani Waorthodoksi wenye msimamo mkali zaidi, wanaume na wanawake huweza kutenganishwa na pazia au kizuizi kiitwacho mehitsa, au hata kuwekwa kumbi mbili. Shule za Kiorthodoksi cha kisasa mara nyingi huketisha familia pamoja. Shule za mkondo wa Kihafidhina, za mkondo wa Mageuzi na zile za jamii zote huwa huru zaidi kwa mavazi na salamu. Mwongozo huu umeandikwa kwa kipimo cha Kiorthodoksi. Anayekidhi kipimo hicho hatakosea popote pengine.

Thibitisha kuhudhuria kabla ya tarehe ya mwisho, na ukisema utafika, fika. Mpishi wa hafla hulipwa kwa sahani. Kiti kitupu ni fedha ya watoto iliyopotea, na mgeni wa ziada asiyetajwa, hata akiwa mtoto wako mdogo, ni fujo kwenye mpango wa meza. Kama huli nyama au una mzio, andika wakati huo huo. Ukisubiri umwambie mhudumu usiku ule utapata sahani ya viazi na karoti.

Pesa: kiasi gani, na kwa njia ipi

Walimu wengi huchanga pamoja na kununua ukurasa mmoja wa kuwapongeza watunukiwa, ukiwa na majina yao wote. Jiunge nao. Ukitaka kutoa peke yako, toa kwa mafungu ya 18. Herufi mbili za Kiebrania zinazounda neno «hai», yaani uzima, zina thamani ya 8 na 10, na jumla yake ni 18. Ndiyo maana utaona michango ya dola 18, 36, 54, 180 na kuendelea. Kwa mwalimu mpya dola 18 au 36 ni heshima tosha. Ukitoa 20 hakuna atakayekukataza, lakini 18 inaonyesha umejifunza kitu.

Ukiwa huna, usijikamue. Mafundisho ya Kiyahudi juu ya tsedaka, yaani kutoa kwa ajili ya wahitaji, yanasisitiza sana kumhifadhia mtu utu wake. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, alipanga ngazi nane za kutoa, akaweka juu kabisa kumsaidia mtu ajitegemee, na ngazi ya pili akaiweka sadaka ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Ndiyo sababu usiulize nani ametoa ngapi, wala usitaje kiasi chako.

Ukilipa zaidi ya dola 75 kwa kiti, sheria ya kodi ya Marekani inaitaka shule ikueleze kwa maandishi thamani ya chakula ulichopata, kwa kuwa sehemu hiyo haihesabiwi kuwa sadaka. Hifadhi karatasi hiyo.

Ukiandika kadi ya pongezi kwa mkono, maneno «Mazal tov», yaani hongera, yanatosha kuanzia. Epuka kuandika jina la Mungu. Wenye kushika sheria hawapendi liandikwe kwenye karatasi inayoweza kutupwa, na ndiyo maana utaona neno la Kiingereza la Mungu likiandikwa na kistari mahali pa herufi ya katikati.

Mavazi

Mwanamke: gauni au sketi inayovuka magoti hata ukiketi, mikono inayofunika viwiko, shingo iliyofungwa hadi karibu na mfupa wa mtulinga, kitambaa kisichobana wala kuonyesha. Suruali, hata ya suti nzuri, iache nyumbani ikiwa shule ni ya Kiorthodoksi. Wanawake wengi wa Kiorthodoksi walioolewa hufunika nywele, baadhi yao kwa wigi lililotengenezwa vizuri hata usijue, lakini wewe hutarajiwi kufanya hivyo. Ukiwa Mwislamu mwenye hijabu, vaa hijabu yako kwa amani. Gauni la kitenge lililoshonwa kwa stara linafaa kabisa, na mara nyingi hupata sifa. Jaribu nguo mbele ya kioo ukiwa umekaa, kisha ukiwa umenyoosha mkono kama anayefikia kitu mezani. Hapo ndipo mkono mfupi na mpasuo wa sketi hujitokeza.

Mwanaume: suti ya rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea, shati jeupe, tai. Kwenye shule za wavulana za Kiharedi utaona kofia nyeusi pande zote, hauhitaji hiyo. Utakachohitaji ni kipa, ile kofia ndogo ya utosini. Mara nyingi kuna kikapu chake mlangoni. Chukua, vaa, ikae nyuma kidogo ya utosi. Kama nywele zako ni fupi na inateleza, omba kibanio. Kofia ya kiua ya pwani nayo inafunika kichwa, na shabaha ya desturi ni kichwa kufunikwa. Ikiwa hafla iko ndani ya sinagogi, hili si la hiari kwa mwanaume.

Msalaba mkubwa kifuani: hakuna atakayekufukuza, lakini ushauri wetu ni uuweke ndani ya nguo usiku ule.

Kufika na kusalimiana

Saa iliyoandikwa kwenye kadi kwa kawaida ni ya mapokezi. Ikisema saa kumi na mbili jioni, meza za vitafunio hufunguliwa hapo, na shughuli yenyewe ukumbini huweza kuanza saa moja na nusu au baadaye. Mwalimu afike ndani ya dakika 20 za mwanzo. Mapokezi ndiyo saa yako ya kazi, kwa kuwa baadaye watu wamekaa na hotuba zinaendelea. Mlangoni kuna meza yenye vikadi vilivyopangwa kwa herufi, kila kimoja na jina lako na namba ya meza. Usibadilishe meza.

Usiingie na kikombe cha kahawa ya maziwa ulichonunua njiani. Ikiwa chakula ni cha nyama, kikombe hicho hakiruhusiwi ukumbini, na msimamizi wa kosheri, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, atakuja mbio. Maliza kahawa nje.

Salamu ndiyo sehemu inayowaangusha wageni wengi, kwa sababu mtu huingia na furaha na mkono mbele. Waorthodoksi wengi hawagusani na mtu wa jinsia nyingine asiye mwenzi au ndugu wa karibu. Kanuni ni nyepesi: wa jinsia yako mpe mkono bila wasiwasi, wa jinsia nyingine usinyooshe wewe kwanza. Weka kiganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu, sema jina lako na unachofundisha. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa hili, ameliona tangu utoto. Akikunyooshea yeye, pokea. Ukisahau ukanyoosha na mkono ukabaki hewani, ushushe, weka kifuani, endelea na mazungumzo. Kuomba radhi mara tatu kunamwaibisha yeye kuliko wewe.

Muite rabi kwa cheo na jina la ukoo, hata kama nje ya shule mmezoeana. Mwalimu wa kiume wa Torati huitwa na wanafunzi «Rebe», wa kike «Mora», na mke wa rabi huitwa «Rebetsini». Kwa watunukiwa sema «Mazal tov». «Shalom» inafaa wakati wote. «Shabbat shalom» ni ya Ijumaa na Jumamosi tu. Ukiisema Jumatano watu watacheka kwa upole.

Mzee mwenye elimu kubwa au mkuu wa yeshiva, yaani chuo cha kusomea Torati na Talmudi, akiingia, utaona ukumbi unasimama. Simama nao. Torati inaamuru kusimama mbele ya mwenye mvi, na hili kwetu halina ugeni.

Vitafunio vya mwanzo, nawa, mkate

Meza za mwanzo, ziitwazo smogasibodi, zinaweza kuwa na nyama ya kukatwa papo hapo, samaki, saladi na vyakula vya kukaanga. Mgeni hushiba hapo akidhani ndicho chakula, kisha saa mbili na nusu analetewa supu, samaki na kipande cha nyama kinachojaza sahani. Chukua kidogo, sahani moja, na uzunguke.

Ukumbini utaona watu wakienda kwenye sinki au meza yenye vikombe vya masikio mawili. Wanamimina maji mara mbili au tatu kwa kila mkono, kulia kwanza, wanasema dua, kisha hawazungumzi hadi wamebariki mkate na kuuonja. Ukimwona jirani yako amerudi mezani kimya, anaashiria kwa macho tu, hajakasirika. Mwache amalize. Wewe huna wajibu wa kunawa kwa njia hiyo. Lililo jema ni kusubiri mkate ubarikiwe kabla hujaanza kula.

Chakula na divai

Meza ya kosheri ya nyama haina maziwa kabisa: hakuna siagi kwenye mkate, hakuna jibini, na kahawa ya mwisho inakuja na krimu isiyo ya maziwa. Keki na aiskrimu zitakazoletwa ni za aina iitwayo pareve, zisizo nyama wala maziwa. Usimuombe mhudumu maziwa. Pia usitoe peremende au chokoleti ya maziwa mkobani ukamgawie jirani: Wayahudi wengi husubiri saa 6 baada ya nyama kabla ya kula maziwa, na wengine husubiri saa 3.

Samaki huletwa na uma na sahani yake, na vyote huondolewa kabla ya nyama. Desturi ni kutovichanganya. Mpe mhudumu uma wa samaki, usiushikilie.

Usilete chakula chochote, hata keki uliyoipika kwa mikono yako, hata tunda lililokatwa. Chakula cha ukumbini kinasimamiwa na mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo, mashgiha, anayekagua kuanzia nyama hadi majani ya saladi kama yana wadudu. Kitu kutoka nje, hata kiwe kizuri vipi, hakiwezi kuwekwa mezani, na mwenyeji anapata kazi ngumu ya kukukatalia.

Divai inahitaji maelezo zaidi. Ni sheria ya zamani sana, ya enzi ambapo divai ilimiminwa kwa miungu: divai ya kosheri ya kawaida iliyofunguliwa ikishikwa na kumiminwa na asiye Myahudi, Waorthodoksi hawainywi tena. Ndiyo sababu kwenye hafla nyingi hutumiwa divai iitwayo mevushali, iliyopashwa moto, ambayo haina shida hiyo. Wewe hutaisoma chupa gizani. Basi usimimine, usisogeze chupa iliyofunguliwa, usiwe mkarimu wa kuwajazia wengine glasi. Mwachie mhudumu au jirani yako. Kumwaga chupa nzima kwa sababu ya ukarimu wa mgeni ni hasara inayoweza kuzuilika kwa kukaa na mikono mapajani.

Kwa Waislamu: hakutakuwa na nguruwe wala kamba wala kaa, hilo ni hakika. Lakini kosheri haikatazi pombe, na mchuzi wa nyama unaweza kuwa umepikwa kwa divai. Muulize mhudumu kila sahani inapokuja. Kama nyama ya kosheri unaila au huili ni suala la mwanazuoni unayemfuata. Ukichagua kutokula, samaki na mboga zipo ukiomba mapema. Magharibi ikiingia, mwombe mwenzako akuonyeshe chumba cha pembeni. Watu wa ukumbi huo wenyewe wana sala za kila siku kwa saa maalumu na wataelewa upesi kuliko mahali pengine.

Sala, wimbo na hotuba

Shughuli inaweza kusimama ghafla, wanaume wakakusanyika pembeni, angalau kumi, wakaelekea upande mmoja na kusali. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kaa au simama kimya, na usipite mbele ya mtu anayesali akiwa amesimama miguu pamoja. Acha nafasi ya kama mita 2 au zunguka nyuma yake. Usimguse bega kumuuliza kitu, hatakujibu.

Wimbo wa taifa wa Marekani ukipigwa, na katika shule nyingi wimbo wa Israeli uitwao Hatikva, simama. Huna haja ya kuimba. Shule nyingi za Kiharedi hazipigi huo wa pili, kwa hiyo usiuulizie.

Kisha hotuba: rabi ataeleza fungu la Torati la wiki hiyo, mwenyekiti atashukuru, filamu fupi itaonyesha madarasa, na watunukiwa watapewa kumbukumbu. Zinaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Simu iwe kimya na iwe mfukoni. Ukitajwa na kuombwa walimu wasimame, simama, geuka ukumbi mzima ukuone, kisha keti. Usipunge mkono kwa muda mrefu. Muziki ukianza na wanaume wakaunda duara kumzunguka mtunukiwa, mwanaume anaweza kuingia duarani upande wa wanaume na mwanamke upande wa wanawake. Wakikuvuta, nenda.

Picha: usipige picha za watoto, na kwenye upande wa wanawake usipige kabisa bila ruhusa. Jamii nyingi za Kiharedi hazichapishi picha za wanawake. Usirushe chochote mtandaoni usiku ule.

Kuzungumza na wazazi

Hapa ndipo hafla inapofaulu au kushindwa kwako. Mzazi atakukaribia na swali moja: «Mwanangu anaendeleaje?» Usitoe ripoti. Kuna masikio matano karibu, na Wayahudi wenye kushika dini wana sheria nzito dhidi ya lashon hara, maneno ya kumharibia mtu jina hata kama ni ya kweli. Sema jambo moja jema na la hakika, mfano kwamba mtoto huuliza maswali yanayowafikirisha wenzake, kisha ongeza kwamba ungependa kuzungumza naye vizuri shuleni wiki ijayo, siku fulani saa fulani. Taja siku, ahadi isiyo na siku inasikika kama kukwepa. Kama mtoto ana tatizo kubwa, litoke kinywani mwako shuleni, si kati ya supu na samaki.

Mfadhili akikushukuru, mshukuru naye kwa kitu unachokijua: maabara mpya, vitabu vya hisabati, msaidizi wa darasa. Usilalamikie mshahara na usimwombe mtu kifaa cha darasani. Ombi hilo lipitie kwa mkuu wa shule, ambaye huenda anazungumza na mtu huyo huyo juu ya jambo kubwa zaidi.

Epuka kuuliza mtu anashika dini kiasi gani, au kama amezaliwa Myahudi. Usihubiri. Siasa za Israeli na mauaji ya Wayahudi ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia usiyaanzishe wewe. Huenda bibi aliye mbele yako aliyapitia au aliwapoteza wazazi wake humo. Akisimulia mwenyewe, sikiliza hadi mwisho.

Mambo ya Afrika Mashariki yatakuja, na una mengi ya kusema. Ukitaja Uganda utaulizwa habari za Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa maeneo ya Mbale iliyoanzishwa na Semei Kakungulu. Wengine watakumbuka «mpango wa Uganda» wa mwaka 1903, Waingereza walipowapa viongozi wa Kizayuni wazo la makazi Afrika. Wengi hawajui kwamba ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Uasin Gishu, leo Kenya, sehemu za Eldoret, na kwamba mkutano wao wa mwaka 1905 ulilikataa pendekezo hilo. Mkenya akilieleza hili mezani, meza nzima huinama kusikiliza.

Dua ya mwisho na kuondoka

Kahawa ikiisha vijitabu vidogo hugawiwa, mtu mmoja anaanza na wengine wanaitikia: ni Birkati Hamazoni, shukrani baada ya mlo. Wageni wengi hudhani hafla imekwisha na kuanza kutafuta makoti. Kaa. Ni dakika 5 hivi. Kijitabu hicho kina jina la Mungu, kwa hiyo usikiweke sakafuni wala usikikalie. Kikianguka utaona wenyewe wanakiokota na kukibusu. Mara nyingi kimechapishwa tarehe ya hafla kama kumbukumbu na wageni huruhusiwa kuondoka nacho. Uliza kwanza.

Kama lazima uondoke mapema kwa sababu ya treni au mtoto, ondoka kati ya hotuba, kamwe si wakati mtunukiwa anazungumza, na umuage mkuu wa shule kabla ya mlo mkuu badala ya kumtafuta mwishoni.

Ndani ya siku mbili andika shukrani fupi kwa mkuu wa shule na kwa mtunukiwa ambaye mtoto wake unamfundisha: sentensi tatu, mojawapo ikitaja kitu mahususi kilichosemwa au kuonyeshwa usiku ule. Kama hafla ilikuwa Alhamisi, itume Ijumaa kabla ya adhuhuri, au ingoje Jumapili. Ujumbe unaoingia Ijumaa baada ya jua kuzama hautafunguliwa hadi Jumamosi usiku, na utakutwa chini ya mingine yote.